Shajara ya mgongo wa Bibi: kuiga mchoro mmoja wa penseli

Naandika kila hatua inapokwisha ili mwenye mchoro wa zamani nyumbani, au anayejifunza kuchora watu, asirudie makosa yangu. Mimi ni fundi simu, Ngamiani, Tanga. Kuchora nilikuwa nachora shuleni, pembeni mwa daftari, basi.

Jumamosi, 1 Februari 2025. Nilidhani ni kazi ya dakika tano

Mchoro uko nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka 1994, upande ule usiong'aa. Bibi amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, anaonekana kwa ubavu, uso umeelekea kushoto. Hakuna kivuli, hakuna ukuta nyuma yake, hata sakafu haipo. Ni mistari mitupu ya penseli. Aliyechora ni marehemu Mjomba, ambaye riziki yake ilikuwa kuandika mabango: majina ya maduka, "Barafu ipo", maneno ya nyuma ya malori.

Mama mdogo anataka nakala tatu, moja kwa kila nyumba ya watoto wa Bibi. Nikamwambia hilo dogo, nakwenda kutoa fotokopi.

Fotokopi ilikuja na mtu mwingine. Mistari iliyokolea yote ilitoka na weusi mmoja, na ile hafifu mashine iliimeza. Shavu likapotea, na nusu ya mkono. Nilipomwambia kijana wa steshenari aongeze wino, madoa ya karatasi nayo yakajitokeza, Bibi akawa kama ana tetekuwanga. Nakala nne, shilingi 2,000, zimeishia kufungia vitumbua.

Picha ya simu nayo nilipiga. Penseli inang'aa ikipigwa mwanga wa mbele, kwa hiyo pale Mjomba alipokandamiza sana, ambapo ndipo penye weusi wote, simu ilipaona peupe. Ukitaka kupiga mchoro wa penseli, zima taa ya simu na uweke karatasi karibu na dirisha mwanga uje kwa ubavu. Hiyo ilinipa picha nzuri, na ningeweza kuishia hapo. Lakini sasa nilikuwa nimeshaudhika. Mistari yenyewe haifiki sabini, inakuwaje mashine ya maelfu ya fedha ishindwe?

Jumapili, 9 Februari. Kunakili juu kwa juu

Nilinunua karatasi sita za kunakilia, zile zinazoonyesha chini, kwa shilingi 3,000. Nikalaza moja juu ya mchoro, nikafuata mstari kwa mstari kwa penseli ya HB iliyochongwa kali.

Hapa nakiri kosa ambalo halirekebishiki. Nilipoinua karatasi nikakuta kwenye ukingo wa ushungi wa Bibi kuna mfereji mwembamba ambao haukuwapo. Ncha yangu ilikuwa imepenya kwa uzito, ikauchubua mchoro wa asili. Ukiinamisha karatasi unauona. Nikaanza upya nikiwa nimeweka karatasi ya plastiki ngumu katikati, lakini mfereji ule utabaki pale hadi siku karatasi yenyewe itakapokwisha. Usinakili juu ya mchoro wa asili. Nakili juu ya picha yake.

Na baada ya uharibifu huo wote, matokeo yalikuwa maiti. Umbo lote lilikuwapo, pua pale pale, kifuu pale pale, milimita kwa milimita. Nilimpelekea Mama mdogo. Alitazama, akatazama tena, akaniambia kwa upole:

"Umemchora vizuri, mwanangu. Lakini huyu hakuni nazi. Huyu kaishika tu."

Jumapili, 16 Februari. Hadubini

Dukani nina hadubini ya kuangalia saketi za simu. Leo nimefunga duka, nikaondoa mkeka wa kazi, nikafuta meza mara mbili, nikamlaza Bibi chini ya lenzi kwenye ukuzaji wa chini kabisa. Kisha nikazima taa ya juu na kuweka tochi pembeni, imelala usawa wa karatasi. Jaribu hili hata kama huna hadubini, lenzi ya mkononi inatosha. Mwanga wa kulala unaonyesha penye mfereji na pasipo na mfereji, yaani unaona mkono ulikandamiza wapi.

Nilianza na mgongo. Kwa macho ya kawaida ni mstari mmoja, kama upinde, toka kisogoni hadi kwenye ubao wa mbuzi. Chini ya lenzi si mmoja. Kisogoni nyuzi za karatasi zimelazwa kabisa, penseli imezama. Kwenye bega imepungua. Katikati ya mgongo inagusa vichwa vya nyuzi tu, kama chokaa iliyopakwa kwa brashi kavu kwenye ukuta wenye vipele, na weupe unapenya katikati. Kisha mstari unakatika. Upana wa vidole viwili hakuna kitu, na mimi miaka yote hii nilikuwa naona mgongo mzima! Unarudi kwenye fundo la kanga, unakolea, unakolea zaidi, na pale makalio yanapokutana na ubao ndipo penye weusi kuliko pote kwenye mchoro.

Nikatafuta weusi mwingine wa namna hiyo. Upo sehemu mbili tu: kisogo nilichokitaja, na kifundo cha mkono wa kulia unaozungusha nazi. Basi nikakaa chini, nikajiweka kama anayekuna. Jaribu na wewe hapo ulipo. Kichwa kinataka kudondoka mbele, kwa hiyo shingo inakikamata. Ubao unataka kuinuka nyuma, kwa hiyo unaukalia kwa nguvu. Na kifundo cha mkono ndicho kinachofanya kazi yenyewe. Kwingine kote mwili umepumzika, na kwingine kote penseli ya Mjomba imepumzika.

Karatasi yangu ya kunakilia ilikuwa na uzito mmoja toka mwanzo hadi mwisho, kama waya wa umeme. Ndiyo maana Bibi wangu alikuwa kaishika tu.

Mengine ya chini ya lenzi, kwa ufupi. Mkono wa kulia una mistari mitatu ya kiwiko: miwili hafifu, mmoja umekaza. Mjomba hakufuta ile ya kwanza, kaiacha, na macho yanapoyumba kati ya mitatu hiyo unaona kiwiko kinakwenda na kurudi. Goti la kushoto halina mstari kabisa. Mikunjo miwili ya kanga inafika hapo na kuishia, goti unalijaza mwenyewe.

Usiku niliingia mtandaoni kutazama michoro ya penseli ya wengine. Ingres, Mfaransa aliyefika Roma mwaka 1806, kuna kipindi alijipatia riziki kwa kuwachora wageni kwa penseli. Uso ameulainisha kwa kivuli hadi unadhani utapumua, halafu koti na mikono ametupia mistari michache, kama mtu aliyekuwa na safari. Schiele wa Austria, aliyefariki mwaka 1918 akiwa na miaka 28 tu, mistari yake ina pembe na inakwaruza. Mtu wake unamwona kwenye mifupa kabla hujamwona kwenye nyama. Kwa maoni yangu Ingres ana adabu mno kwa mtu anayekuna nazi, na Schiele angemfanya Bibi aonekane mgonjwa. Lakini wote wawili wanaacha nafasi tupu kwa makusudi, kama lile goti.

Jumapili, 23 Februari. Penseli gani?

Wiki nzima nilikuwa najaribu ule mgongo kwa HB, kisha 2B, kisha 4B (zote shilingi 2,500, 6B sikuipata Tanga nzima). Nikikaza na kulegeza, weusi unapanda na kushuka sawasawa, lakini upana haufanani. Mstari wa Mjomba ukiteremka ni mpana, ukipinda kuelekea pembeni unakuwa mwembamba ghafla bila kufifia. Nilidhani ni ufundi wa vidole ambao sina.

Kumbe si vidole. Jumatano nilipita kwa fundi seremala jirani, penseli imekaa sikioni kwake kama kawaida, nikaitazama. Bapa. Ncha yake si duara, ni kama patasi ndogo. Ukiiburuta kwa ubapa inatoa mstari mpana, ukiiburuta kwa ukingo inatoa uzi. Na Mjomba mabango yake aliyapigia mistari kwa nini kabla ya kuweka rangi? Penseli ya seremala. Alikuwa nayo siku zote.

Zinauzwa duka la vifaa vya ujenzi, shilingi 1,000 moja. Nilinunua mbili. Haziingii kwenye kichongeo, kwa hiyo nilichonga kwa wembe (pakiti shilingi 500), na ncha ilivunjika mara tatu mfululizo kwa sababu nilikuwa nachonga ncha ndefu. Acha fupi, chonga mbao tu, halafu inoe pande mbili kwenye msasa.

Wazee wengine bado wanaiita kalamu ya risasi, na wapo wanaoogopa mtoto akiilamba. Madini ya risasi hayamo. Jiwe lile lilipopatikana Uingereza, huko Borrowdale, miaka ya 1500, watu walidhani ni aina ya risasi, na jina likaganda. Ni kinywe, yaani grafiti, hiki hiki kilichoko Mahenge na Ruangwa. Mwaka 1795 Mfaransa aitwaye Conté alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya kusaga kinywe, kukichanganya na udongo wa mfinyanzi na kukichoma. Udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na hafifu, kinywe kikizidi inakuwa laini na nyeusi. Zile H na B ubavuni mwa penseli ni habari hiyo tu.

Karatasi nayo. Rimu ya A4 (12,000) ni laini mno, penseli inateleza. Manila (kumi kwa 5,000) ni nzuri kidogo. Inayofanana na ya Mjomba ni nyuma ya kalenda, na kalenda za mwaka jana maduka yanatupa bure, hasa mwezi huu.

Jumamosi, 8 Machi. Mfungo umeanza, nazi zipo

Mama mdogo anakuna nazi nne kila siku kwa ajili ya futari: muhogo wa nazi, magimbi, maharage. Nimeomba ruhusa nikae mlangoni mwa jiko saa kumi jioni nimchore. Alikubali kwa sharti kwamba nikimaliza nakamua tui.

Siku tatu za kwanza ni hasara tupu. Mtu anayekuna hatulii. Nikitazama karatasi, nikirudisha macho kiwiko kimehama. Nilichofanya, kwa ujinga, ni kukimbilia kitu kisichohama. Nikamchora mbuzi. Ubao, miguu yake inayokunjwa, chuma na kila jino lake. Ilikuwa kazi safi ya fundi simu. Mama mdogo akaangalia akiwa na nazi mkononi: "Umemchora mbuzi. Mimi niko wapi?" Alikuwa amekaa pembezoni mwa karatasi kama moshi.

Siku ya nne nikageuza utaratibu. Macho kwake tu, karatasi sitazami kabisa, penseli inatembea jinsi macho yanavyotembea, taratibu. Zinatoka takataka, pua inaota kwapani. Lakini katika karatasi ishirini na saba za namna hiyo, tatu au nne zina kipande, bega au shingo, ambacho kina uhai kuliko chochote nilichochora nikiwa natazama karatasi. Nimevikata hivyo vipande kwa mkasi, nimevibandika ukutani dukani. Wateja wanauliza kama natengeneza simu au nimehama kazi.

Kosa la pili nililigundua kwa maumivu. Mimi mkono wangu umezoea kulehemu. Kiganja kimetulia mezani, vidole ndivyo vinavyocheza, na eneo la kazi ni dogo kuliko sarafu. Mstari wa mgongo wa Bibi una urefu wa karibu shubiri mbili. Ukiuchora kwa vidole unalazimika kuhamisha kiganja mara tano, na kila kituo kinaonekana. Kwa hiyo nimebandika karatasi kwenye ubao, nimeuegemeza ukutani, nachora nimesimama, kiganja hakigusi kitu, mkono unatoka begani. Bega linauma. Mistari imeanza kuwa mirefu lakini inatetemeka.

Jumamosi, 22 Machi. Jirani mpaka hina

Leo nimejifunza zaidi ya wiki zote hizo, na wala sikuwa nachora.

Jirani yetu anayepaka hina na piko kwa maharusi aliniletea simu yenye kioo kilichopasuka, anaitaka kabla ya Idi kwa sababu oda zote ziko humo. Alipokuwa anasubiri akaona picha kubwa ya mchoro niliyoibandika. Akasogea. Akanyoosha kidole, bila kugusa, akawa anaufuata mgongo hewani. Lakini alikuwa anaufuata toka chini.

"Dada, mbona unaanzia huko?"

"Si ndiko alikoanzia yeye. Ona kitone hiki."

Pale penye weusi wa makalio, kwenye ubao, kuna nukta ndogo. Mimi niliihesabu kama uchafu. Akanieleza kwamba kwenye piko, ukigusisha ncha kwenye ngozi kabla hujajua unakwenda wapi, inaacha kitone, na wateja wanalalamika, kwa hiyo yeye anavijua vitone kuliko anavyojua watoto wake. Halafu akapandisha kidole mgongoni, akafika pale palipokatika: "Hapa kainua, lakini mkono haukusimama. Umeendelea hewani ukatua." Akafika kisogoni. "Mimi mwisho wa ua wangu naukata mwembamba. Huyu kamaliza kwa kukaza, kama anayefunga fundo." Kisha akaona kile kiwiko chenye mistari mitatu, akacheka. "Hapa alisita. Mie ningefukuzwa harusini."

Alipoondoka nilirudi kwenye hadubini nikiwa na wasiwasi wa kuumbuka. Alikuwa sahihi. Unga wa kinywe umejikusanya upande wa chini wa kila unyuzi wa karatasi, upande ambao penseli ilitokea. Mgongo umechorwa kwa kupanda. Nimechora migongo zaidi ya arobaini kwa kushuka.

Tofauti si ndogo. Ukishuka, mkono unakuja kwako na uzito wake unauvuta, mstari unalegea kadiri unavyokwenda. Ukipanda, lazima uunyanyue. Unaanza kwa kujikaza, kama mwenyewe Bibi alivyokaza ubao, halafu unaachia, unapaa, na unapofika shingoni inabidi uusimamishe mkono kwa makusudi. Nilijaribu papo hapo nyuma ya kalenda. Wa kwanza ulipitiliza hadi ukingo wa karatasi. Wa sita ulikuwa mgongo.

Kioo cha simu yake sikumtoza ufundi.

Jumamosi, 12 Aprili. Mvua

Masika yameingia, hakuna kilichokauka Tanga. Karatasi imekuwa laini kama kitambaa, penseli inachimba badala ya kuteleza. Nimehamishia karatasi kwenye kabati la dukani lenye vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na vifaa vya simu. Nilikuwa natupa kila wiki.

Nilisikia kwamba dawa ya kupulizia nywele inazuia penseli isifutike. Nilinunua kopo (6,000), nikapulizia karatasi moja ya mazoezi kwa karibu. Matone yakatua kama mvua yenyewe, yakaacha madoa ya njano. Kwa umbali wa mkono mzima ilikuwa afadhali, lakini kung'aa kwa penseli kulipungua na ile tofauti ya hafifu na nzito ikasogeleana. Mchoro wa asili haunusi dawa hiyo, nimeapa. Umewekewa fremu yenye kioo (25,000), na nimemsimamia fundi hadi akaweka vipande vya kadibodi kwenye kingo ili kioo kisigusane na karatasi, maana kwa unyevu huu vingegandana. Selotepu ya zamani imebaki na alama zake nne za rangi ya chai kwenye pembe. Sikuthubutu kuibandua yote.

Jumamosi, 26 Aprili. Nakala ya kwanza

Sikukuu ya Muungano, duka limefungwa. Nimeanza saa mbili asubuhi, ubao ukutani, kalenda mpya, penseli ya seremala. Mgongo kwanza, toka chini. Karatasi ya tatu ndiyo niliyoendelea nayo. Kiwiko nilikichora mara moja, nikaona nimekosea, nikachora juu yake bila kufuta, na ile ya kwanza nikaiacha ionekane. Goti sikuligusa, ingawa mkono uliwasha. Saa tano nilikuwa nimemaliza. Toka nianze mradi nimetumia shilingi 58,000, sijahesabu siku nilizofunga duka.

Kifundo cha mkono sijakipata. Nimekikaza sana, na vidole vya miguu vya Mjomba, ambavyo ni mikato mitano tu isiyogusana, mimi vimenitoka kama njugu. Hizo ndizo kazi za mwezi wa tano.

Mama mdogo ameishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani. Alikaa kimya muda mrefu.

"Sasa anakuna," akasema. "Ila huyu ana hasira. Mama hakuwa akikuna kwa hasira."

Nikamwonyesha kifundo, nikamweleza kuhusu uzito, nikaahidi nyingine. Hakunisikiliza. Alishachukua msumari, anaipigilia nyuma ya mlango wa jiko, juu ya ndoo ya chumvi. Nikamwambia moshi na mafuta vitaimaliza kabla ya mwaka.

"Si utachora nyingine? Shika hii nazi, jua linazama."